Darasa la Kugombana kwa Adabu

Mwenye bucha mkabala na maktaba ya mji alikuwa amelitazama jengo lile tangu alipokuwa kijana wa kunoa visu, na siku zote aliamini kwamba ni ofisi ya kodi. Ndiyo maana mwanamke mmoja mfupi, mnene kiasi, alipokuwa akinunua maini na kumuuliza kama amewahi kuingia mle ndani, alimtazama kwa mashaka, akamjibu kwamba yeye kodi yake hulipa kwa wakati. Fundi viatu wa pembeni alisema anavyojua yeye, pale huhifadhiwa majalada ya kesi zilizokwisha. Muuza mitumba alidhani ni mahali wanapopelekwa vijana walioshindwa mitihani, maana kila aliyemwona akitoka mle alikuwa na uso wa msiba. Mwanamke yule akashukuru, akachukua maini yake, akavuka barabara, akapanda ngazi mpaka kwenye ofisi kubwa ya juu, akakaa kwenye kiti cha mkuu wa maktaba. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini.

Mkutubi, kama mji ulivyokuja kumwita, alikuwa kitindamimba katika nyumba ya mabinti tupu. Katika nyumba ya namna ile, anayetaka kusikilizwa hana budi ama kupiga kelele ama kufanya hila, na kwa kuwa dada zake walikwisha kugawana kelele zote, yeye alichukua hila. Alikua nazo, akasoma nazo, akaolewa nazo. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtu aliyeingia mitaroni na wanafunzi wake mara nyingi mno kuweza kushtushwa na jambo lolote la mkewe. Akisimuliwa vituko vya mchana, alikuwa akitikisa kichwa taratibu, akimega chakula, halafu akiuliza kama kuna aliyeumia.

Maktaba yenyewe haikuwa na kasoro ya vitabu. Vilikuwapo, vimepangwa wima kama askari wa gwaride, katika kabati za mbao zilizong'arishwa mpaka unaona meno yako. Kasoro ilikuwa watu. Ukiacha wanafunzi waliokuja kukariri kwa ajili ya mitihani, na mstaafu mmoja aliyelala juu ya magazeti, hakuna aliyeingia. Na huo ulikuwa mji wenye kila aina ya watu: wafanyabiashara waliotoka mikoani na lugha zao, mafundi seremala viziwi wenye karakana nyuma ya posta, familia zilizovuka mpaka zikikimbia mapigano na kupanga vyumba nyuma ya soko, wazee ambao macho yamefifia. Wote walipita mbele ya maktaba wakienda kwingine.

Sababu mojawapo ilisimama mlangoni. Ulikuwa ubao mwekundu, mrefu kuliko mtu, ulioandikwa yote yasiyoruhusiwa. Hakuna ndala. Hakuna vikapu. Hakuna watoto wachanga. Hakuna maongezi, kicheko, kuegemea kabati, wala kukohoa bila sababu. Sababu nyingine ilitembea kwa miguu miwili. Alikuwa naibu wa Mkutubi, mwanamume mrefu, mwembamba, wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, ambaye kazi yake kwa miaka yote ilikuwa kuzunguka katikati ya meza akitoa sauti moja tu kwa meno. Wanafunzi walimwita Bwana Shii, naye alijua, na kwa siri alijivunia jina lile.

Mtu mwingine angeamuru ubao ung'olewe, na Bwana Shii angeufia. Mkutubi alimwita ofisini, akamwonyesha kwa masikitiko jinsi maandishi yalivyofifia, akasema ni aibu mgeni kuvunja kanuni kwa kutoweza kuzisoma. Inafaa upakwe rangi upya. Bwana Shii alifurahi mpaka akatabasamu, jambo lililowatisha waliomwona. Ubao ukapakiwa kwenye mkokoteni, ukapelekwa kwa binamu yake Mkutubi, mchora mabango mwenye mkono mzuri na ahadi mbovu. Binamu huyo aliwahi kuahidi kupaka rangi geti la mama yake kabla ya harusi ya dada yake, na sasa bibi harusi ana watoto wanaosoma shule. Mkutubi alimchagua kwa sababu hiyohiyo. Hadi leo, ukimuuliza habari za ubao, atakuambia unakauka.

Wa kwanza kuona kwamba mlango umebaki mtupu walikuwa mafundi seremala viziwi. Waliingia saa ya mapumziko, wakiwa na unga wa mbao nyweleni, wakajipatia vitabu vya picha za samani, wakakaa meza ya katikati wakaanza kubishana kuhusu miguu ya kabati fulani. Walibishana kama wanavyobishana siku zote, yaani kwa mikono, kwa mabega, kwa nyusi, na mmoja akitaka mwenzake amtazame, anapiga meza kofi.

Bwana Shii aliwaendea akawafanyia shii. Hawakugeuka. Akarudia kwa nguvu zaidi. Akasogea akawafanyia karibu na masikio, na mmoja wao, akihisi upepo shingoni, akainuka akafunga dirisha kwa heshima. Naibu akapanda ngazi mbilimbili hadi ofisini.

"Mkuu, kuna watu wanapiga kelele chini."

"Za nini?"

"Za mikono."

Mkutubi aliweka kalamu chini, akashika tama. "Umewasikia, kaka?"

"Nimewaona," akasema Bwana Shii. "Lakini wanaona wote. Hakuna anayesoma tena. Wanafunzi wameacha vitabu wanatazama ugomvi."

Mkutubi alishuka kwenda kujionea. Ilikuwa kweli, ukumbi mzima ulikuwa umegeukia meza ya mafundi, nao walikuwa wamefika mahali pa kupimana kifua kwa kifua kwa sababu ya mguu wa kabati. Alisimama pale akiwatazama mpaka shauri likaisha, asielewe hata alama moja, akafurahi kuliko alivyofurahi tangu apewe kazi ile. Siku iliyofuata aliwaomba mafundi wamtengenezee meza imara ya kubishania, iwekwe pembeni, penye mwanga mzuri.

Wanawake wa nyuma ya soko walikuwa kazi ngumu zaidi, maana hao hawakupita tu, walipita wakiwa wameinamisha vichwa. Walikuwa wakishona, wakifua, wakiosha vyombo katika hoteli za watu, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuhesabia bidhaa na kuomba radhi. Mkutubi alikwenda kuwatembelea katika vyumba vyao, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akawauliza kupitia kwa mmoja wao aliyejua zaidi kidogo wangependa maktaba iwawekee vitabu gani. Wakatazamana. Yule aliyejua zaidi, mshonaji mmoja mwenye mwanya aliyekuja mjini na cherehani kichwani, akasema hawataki kitabu. Wanataka kujua kugombana.

Kugombana na nani? Na mwenye nyumba. Alionyesha juu. Bati lilikuwa na tundu unaloweza kupitisha ngumi, na chini yake sufuria ilikuwa ikisubiri mvua. Kila walipokwenda kulalamika, alisema, maneno yaliwaishia njiani, wakajikuta wanamshukuru mwenye nyumba na kurudi. Wakipandisha sauti, mwenye nyumba alisema hawana adabu. Wakinyamaza, alisema mbona hawajasema. Walitaka Kiswahili ambacho mtu hawezi kukitoroka.

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa darasa lililoandikwa kwenye ratiba ya maktaba kuwa Mazungumzo ya Kila Siku, na ambalo kila mtu mjini aliliita Darasa la Kugombana kwa Adabu. Mkutubi alilifundisha mwenyewe, saa za alasiri, katika chumba cha magazeti, watoto wakitambaa chini ya meza. Alikuwa na kipaji chake. Alicheza mwenye nyumba kwa uso mkavu, akipiga miayo, akitazama saa, akisema atatuma fundi wiki ijayo, na mwanafunzi alipaswa kumrudisha kwenye bati bila kupandisha sauti na bila kuachia. Aliwafundisha kuanza na kumuulizia hali, watoto, na afya ya mama yake. Aliwafundisha "naomba nikukumbushe", na "bila shaka umesahau kwa wingi wa kazi", na "nitasubiri hapahapa, sina haraka". Aliwafundisha kwamba sentensi ikianza na heshima na kuishia na heshima, katikati unaweza kuweka chochote.

Yule mshonaji mwenye mwanya alitia fora. Baada ya wiki chache alikuwa anaweza kumshukuru mtu kwa namna ambayo mtu huyo anatamani ardhi ipasuke. Mkutubi alirudi nyumbani akicheka mpaka anajishika mbavu, akamwigizia mumewe jinsi mshonaji alivyomwambia mwenye nyumba wa darasani kwamba wanamwombea maisha marefu, ayamalize akiwa mahali penye paa zuri.

Jambo ambalo Mkutubi alilijua na hakumwambia mtu, isipokuwa mumewe, ni kwamba mwenye zile nyumba za nyuma ya soko alikuwa Mwenyekiti wa kamati ya maktaba. Ndiye aliyepitisha bajeti yake. Ndiye aliyesaini ajira yake. Mumewe alipoambiwa aliacha kutafuna kwa muda, halafu akasema kwamba gari likiwa mteremkoni si wakati wa kuuliza breki ziko wapi, akaendelea kula.

Ikawa hivi: Mwenyekiti, mtu mzima mwenye tumbo la heshima na sauti ya kipaza sauti, alianza kukutana na wapangaji wake kila alipokwenda. Walimsubiri kwa utulivu. Walimuulizia watoto wake. Walimkumbusha, kwa kuwa bila shaka amesahau kwa wingi wa kazi. Alijaribu kukasirika akakosa pa kushika. Alipomuuliza mmoja wao haya maneno kayatoa wapi, alijibiwa kwa fahari: maktaba. Na kama kwamba hayo hayatoshi, Bwana Shii naye alikuwa amemwendea akamlilia kuhusu kelele, ndala, watoto wachanga, na vita vya mikono. Mwenyekiti akatangaza kwamba wiki ijayo kamati itakuja kukagua nidhamu ya maktaba.

Hapa inabidi aelezwe mtu mwingine, ambaye Mkutubi alikuwa amempata bila kumtafuta.

Alasiri za Alhamisi kulikuwa na kipindi cha kusomewa vitabu. Mkutubi alikianzisha kwa ajili ya wazee ambao macho yamewaacha na wale ambao hawakuwahi kufundishwa kusoma, na msomaji alikuwa fundi pikipiki mmoja mwenye sauti nzito, tamu, ambayo ilikuwa ikipotea bure kwenye ngurumo za injini. Wiki ya kwanza alisoma kijitabu cha kilimo bora, wakalala wote. Wiki ya pili Mkutubi alimpa riwaya nene ya mapenzi, yenye daktari mmoja, dada wawili na wosia uliofichwa, na tangu siku hiyo viti havikutosha. Miongoni mwa waliokuja mapema kugombea kiti cha mbele alikuwa bibi mmoja mwenye miwani myeusi na mkongojo wenye kichwa cha fedha. Siku yake ya kwanza alimvuta Mkutubi pembeni.

"Binti, mwanangu anajua mimi Alhamisi niko kliniki, nakandwa magoti. Dereva wake ananishusha kule, nakuja huku kwa mguu. Usije ukaniharibia."

Mkutubi alimuuliza mwanawe ni nani, ajue wa kumkwepa. Bibi alipomtajia, Mkutubi alilazimika kugeuka kutazama kabati la ensaiklopidia mpaka uso wake utulie. Alikuwa mama yake Mwenyekiti. Kwa mujibu wa mwanawe, alikuwa mwanamke mcha Mungu ambaye hajawahi kukipenda kitabu kingine zaidi ya vile vya ibada.

Sasa ukaguzi ulipangwa Alhamisi. Mkutubi, pamoja na hila zake zote, hakutaka kumtega mtu mzima aliyemwamini. Alimwendea bibi nyumbani, wakati mwanawe hayupo, akamweleza wazi: kamati inakuja, mwanao anaiongoza, afadhali wiki hii upumzike. Bibi alisikiliza huku akitafuta mkongojo wake kwa kupapasa.

"Alhamisi ndiyo siku dada mdogo anafungua ule wosia," alisema. "Nina miaka sabini na kitu. Unajua nitaiona Alhamisi nyingine?"

"Lakini mama, atakukuta."

"Basi atanikuta. Yeye mwenyewe nimewahi kumkuta mahali pabaya zaidi."

Mkutubi aliondoka pale akiwa na wepesi moyoni. Kama mwenyewe ametaka, lililobaki lilikuwa kupanga njia ya matembezi.

Kamati ilikuja ikiwa na watu watatu: Mwenyekiti mbele, na nyuma yake wajumbe wawili, mhasibu mmoja mstaafu na mwalimu mkuu mmoja wa kike. Mkutubi aliwapokea kwa unyenyekevu wa mtu aliyeonywa. Aliwatembeza polepole. Aliwaonyesha paa, ngazi, bomba la maji, akawaeleza kwa urefu habari za mchwa. Bwana Shii alifuata nyuma, mikono mgongoni, akitazama saa ya ukutani bila kujua kwamba Mkutubi naye anaitazama. Fundi pikipiki alikuwa ameambiwa asianze sura ya wosia mpaka asikie bosi anakohoa nje. Mkutubi akakohoa, bila sababu.

Mwenyekiti alifungua mlango wa chumba cha kusomewa kwa kishindo, akiwa tayari na hotuba. Chumba kilikuwa kimejaa. Mafundi seremala walikuwapo ukutani, kijana mmoja wao anayesoma midomo akiwatafsiria wenzake kwa mikono. Wanawake wa nyuma ya soko walikuwapo na watoto migongoni. Mwenye bucha alikuwapo, na aproni. Mwenyekiti akavuta pumzi, akaanza kusema kwamba maktaba ni mahali pa taaluma.

"Wewe uliyesimama mlangoni," ikasema sauti kutoka kiti cha mbele, bila kugeuka, "ama ingia ama toka. Upepo unamfunulia msomaji kurasa."

Mwenyekiti aliganda. Waliokuwa karibu walisema shingo yake ilififia rangi kwanza, ndipo uso ukafuata.

"Mama?"

"Kaa, baba. Tuko pazuri."

Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja, cha watoto, cha rangi ya manjano. Mwenyekiti alikaa, magoti yakamfikia kidevu. Wajumbe walisimama nyuma yake. Fundi pikipiki, jasho likimtoka, aliendelea kusoma, na sauti yake ilipofika mahali dada mdogo anapovunja nta ya bahasha, hata watoto walinyamaza. Wosia ulisema mali yote ni ya yule dada mkubwa aliyefukuzwa. Mwenye bucha akaguna. Daktari akaingia mlangoni. Sura ikaisha. Mtu wa kwanza kusema alikuwa mhasibu mstaafu, aliyetaka kujua huyo daktari ni daktari wa nini.

Hapo ndipo mshonaji mwenye mwanya aliposimama. Mkutubi aliapa baadaye kwa mumewe kwamba hilo hakulipanga, na mumewe aliamua kumwamini.

"Shikamoo mheshimiwa," alisema mshonaji. "Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Nafurahi leo kumwona mama akiwa na afya njema, maana kila siku tunakuuliza habari zake. Naomba nikukumbushe lile jambo la bati. Bila shaka umesahau kwa wingi wa kazi."

Bibi aligeuza miwani yake myeusi taratibu. "Bati gani?"

Mwenyekiti alisema ni mambo madogo ya nyumbani, mama, tutaongea. Mshonaji akasema si madogo sana, maana usiku wa mvua ya juzi mtoto wa jirani alilala ndani ya beseni, lakini kwa kuwa mheshimiwa yuko hapa wao watasubiri hapahapa, hawana haraka. Bibi alinyoosha mkono, mwanawe akamsaidia kuinuka. Alimshika kiwiko, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo chumba kizima kiliisikia kwamba watapitia huko kabla ya kwenda nyumbani, kwa sababu angependa kushika hilo tundu kwa mkono wake.

Mafundi wa paa walipanda juu ya zile nyumba kabla mwezi haujaisha. Ripoti ya ukaguzi ilisema maktaba ina mchwa.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na Mkutubi mwenyewe alipenda kuiishia hapo alipowasimulia dada zake. Lakini kuna neno moja Mwenyekiti alilisema alipokuwa akiondoka, akiwa ameshika mkono wa mama yake, na huenda alilisema kwa kutafuta pa kuficha uso. Alitazama ukumbi mkubwa, akauliza wanafunzi wa mitihani wako wapi.

Mkutubi akageuka naye kutazama. Meza zilikuwa na watu, ila hawakuwa wale. Hakujua waliacha kuja lini. Alikuwa ameshughulika kufungua mlango kwa wengine, asiwaone wale wa zamani wakitoka kimyakimya, kama walivyofunzwa.

Usiku ule hakuwa na kituko cha kumsimulia mumewe. Kesho yake alianza tena kuuliza mitaani. Binti wa fundi viatu, msichana wa kidato cha mwisho mwenye macho yaliyochoka, ndiye aliyemwambia kwa wasiwasi, akidhani anagombezwa. Wanasomea hospitali. Kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje, kule nyuma, kuna utulivu na taa haizimwi, na muuguzi wa zamu akiuliza wanasema wanamsubiri bibi yao. Nyumbani kwao wako saba katika chumba kimoja. Maktaba ilikuwa mahali pao pekee pa kusikia mawazo yao, alisema, kisha akaomba radhi.

"Usiniombe radhi mimi," Mkutubi alimwambia. "Mimi ndiye wa kukuomba."

Alirudi, akapanda ngazi, akaitazama ofisi yake. Ilikuwa chumba kikubwa kuliko vyote baada ya ukumbi, chenye mlango mzito wa mbao, mapazia, na kapeti lililomeza nyayo. Mkuu aliyemtangulia alikitumia kupokea wageni wawili kwa mwaka. Akamwita Bwana Shii. Naibu alikuja akiwa mnyonge, maana tangu ukaguzi alijua kwamba Mkutubi anajua nani alipeleka maneno, na kila siku alisubiri kukiona cha mtema kuni. Mkutubi alimwambia kwamba alikuwa sahihi kuhusu kitu kimoja, na kwamba kitu hicho ni kikubwa. Kisha akampa ufunguo. Kuanzia leo hiki ni Chumba cha Kimya, na humu ndani wewe ndiye serikali, hata mimi nikikohoa unitoe.

Watu husema Bwana Shii alitokwa na machozi. Mwenyewe anasema lilikuwa vumbi la mapazia. Kwa vyovyote, meza ya Mkutubi ilibebwa na mafundi seremala hadi kwenye kituo cha ngazi, katikati ya ghorofa ya chini na ya juu, na kila anayepanda au kushuka akawa anaipita kwa ubavu, akimsalimu, akimwachia kikapu amshikie.

Wanafunzi walirudi. Na waliofuata kuingia katika Chumba cha Kimya walikuwa mafundi seremala wawili waliojiandikisha mtihani wa ufundi. Wakajibizana kwa mikono kuhusu vipimo, na Bwana Shii akajikuta katika mtego: sauti yake haiwafikii, na kuwagusa bega ni ufidhuli. Akaamua kujifunza lugha ya alama, ili awanyamazishe ipasavyo. Alikwenda karakana kila alasiri, kwa nidhamu yake ileile, na mafundi wakamfundisha kwa upole mkubwa. Alama ya kwanza aliyoitaka ilikuwa ya "nyamaza". Waliyompa, kwa nyuso kavu kabisa, ilikuwa ya "nakupenda".

Alizunguka nayo kwa muda mrefu. Akimwona fundi anasumbua, alimkazia macho, akakunja uso, akamwambia anampenda. Mafundi walikuwa wakiitikia kwa kuinamisha vichwa, wakitoka nje kwenda kuvunjika mbavu uani. Mkutubi alijua siku ya pili tu, naye, Mungu amsamehe, alinyamaza. Aliyemfumbulia hatimaye ni yule kijana anayesoma midomo, aliyeona huruma. Bwana Shii alikaa siku nzima hasemi na mtu. Kisha akarudi karakana, akadai afundishwe upya, yote, na safari hii aanze na matusi ili wasimchezee tena. Siku hizi ndiye mkalimani wao wakienda benki au mahakamani, na wakibishana kuhusu kabati humtaka yeye awe mwamuzi.

Kuhusu hospitali, Mkutubi hakuweza kuitoa akilini. Alipokwenda kuwashukuru wauguzi kwa kuwahifadhia wanafunzi, aliona mabenchi yale mchana: watu wamekaa tangu alfajiri, wamekodoa macho kwenye ukuta wenye tangazo moja la kunawa mikono. Akamwomba mumewe gari. Mumewe alisema gari la shule ya udereva haliwezi kutoka bila mwanafunzi usukani, ndiyo kanuni. Basi wakaenda hivyo, vitabu vimejaa kwenye maboksi, mwanafunzi mmoja mwenye hofu akiendesha kwa mwendo wa jongoo, mwalimu wake kando akimhimiza ashushe mabega, na Mkutubi kiti cha nyuma akizuia boksi la riwaya lisimwangukie kila gari lilipozimika.

Walifika. Alishusha boksi la kwanza, akaenda nalo kwenye benchi la karibu, ambapo mzee mmoja mkulima alikuwa amekaa na kofia magotini. Akamuuliza angependa kusoma nini. Mzee akafikiri sana, akasema yeye hataki kusoma. Daktari humwambia maneno upesiupesi, naye huitikia tu ndiyo, ndiyo, kisha anafika nyumbani hajui ameitikia nini. Angependa mtu amwonyeshe jinsi ya kumsimamisha daktari katikati ya maneno, bila kumvunjia heshima.

Mkutubi akaweka boksi chini, akakaa karibu naye.

"Haya," alisema, akipiga miayo na kutazama saa. "Mimi ndiye daktari. Nina haraka. Anza."